Sir Donald Cameron na Reli Iliyofika Mwanza

Kamati ya gazeti hili imenitaka nijaze kurasa chache kwa maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha fariki zamani, ambaye kazi yake imeacha alama katika sehemu zetu za Ziwa. Nadhani walitazamia nitaandika habari za mtemi fulani, au za mmoja wa wazee wetu wa ushirika wa pamba. Badala yake nimemchagua Gavana wa kikoloni, Sir Donald Cameron, aliyetawala Tanganyika tangu mwaka 1925 hadi mapema 1931. Najua baadhi yenu mtakunja uso. Kunjeni, lakini msifunge gazeti. Wengi wetu tulikuja shuleni kwa treni ya Tabora, tukiwa na masanduku ya bati na ndoo, tumelala sakafuni katika behewa la daraja la tatu. Na sikumbuki kumsikia hata mwenzetu mmoja akiuliza reli ile ilifikaje Mwanza, ilijengwa kwa fedha za nani, na kwa nini ilipita kwetu isipite kwa wengine. Maswali hayo matatu huwezi kuyajibu bila kumtaja mtu huyu.

Cameron hakuzaliwa Uingereza. Alizaliwa tarehe 3 Juni 1872 huko Demerara, katika koloni la Guiana ya Kiingereza, Amerika ya Kusini, nchi ambayo siku hizi inaitwa Guyana. Baba yake alikuwa mwenye shamba la miwa. Kijana alipelekwa kusoma katika shule ya Rathmines mjini Dublin, lakini masomo yake yaliishia hapo. Chuo kikuu hakukiona. Alirudi Guiana, na mwaka 1891 akaingia serikalini kwa kazi ya ukarani. Jambo hili lafaa kuwekwa akilini, maana magavana wengi wa zama zake walikuwa watu wa Oxford na Cambridge, au maofisa wa jeshi wenye nishani kifuani. Huyu alipanda kutoka meza ya karani, faili baada ya faili. Kutoka Guiana alihamishiwa kisiwa cha Mauritius, na mwaka 1908 akapelekwa Nigeria ya Kusini. Huko alikaa muda mrefu, akafikia cheo cha Katibu Mkuu wa serikali ya Nigeria, na mwaka 1923 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Waliofanya kazi chini yake walimwogopa. Alikuwa na ulimi mkali, alichukia uvivu wa fikira, na barua iliyoandikwa ovyo ilimrudia mwenyewe ikiwa imejaa maneno ya kumchoma. Kwa kifupi, kama angekuwa mwalimu wetu wa zamu tungempa jina la utani siku ya kwanza.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1925 kushika nafasi ya Sir Horace Byatt. Nchi aliyokabidhiwa ilikuwa bado haijapona majeraha ya Vita Kuu ya Kwanza. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, ilikuwa imeharibiwa na Wajerumani wenyewe walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916. Walivunja madaraja ili Waingereza na Wabelgiji wasiwafuate kwa gari moshi. Kazi ya miaka mingi baada ya vita ilikuwa kutengeneza yaliyovunjwa tu. Kwenda kaskazini kutoka Tabora, Wajerumani walikuwa wameanza mwaka 1914 kulaza njia ya kwenda Rwanda. Vita vikaikatiza, likabaki tuta porini.

Na Mwanza je? Hapa ndipo napenda nikae kidogo, kwa sababu vijana wa leo wanaopita Pasiansi ndani ya daladala wakielekea kiwanja cha ndege hawawezi kuifikiri hali ile. Mzigo wa kutoka Tabora kuja Ziwani ulikuja kichwani mwa mtu. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa mabingwa wa kazi hiyo tangu enzi za misafara ya pwani. Babu yangu mzaa baba, aliyekuja kuhamia Pasiansi uzeeni, aliifanya kazi hiyo akiwa kijana, na mpaka anakufa alikuwa na sugu utosini. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha ratili 60. Tabora hadi Mwanza ni karibu kilometa 380, nao walitembea majuma mawili mpaka matatu, wakilala kambini, wakinunua chakula njiani, wengine wakifa kwa homa au kuhara. Sasa piga hesabu kama tulivyofundishwa. Tani moja ya Kiingereza ni ratili 2,240, yaani mizigo ya wapagazi 37. Behewa moja la tani 10 linachukua kazi ya watu zaidi ya 370, na treni yenye mabehewa 20 ya namna hiyo, watu zaidi ya 7,400. Watu hao wote ni vijana wenye nguvu ambao wangekuwa mashambani wakilima.

Kulikuwa na njia ya pili, nayo ilikuwa ziwa lenyewe. Reli ya Uganda, ambayo Bunge la Uingereza liliitolea zaidi ya pauni milioni 5, ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901. Baada ya hapo meli zilizoletwa vipande vipande na kuungwa Kisumu, kama Winifred, Sybil na Clement Hill, zikaanza kuzunguka bandari za Ziwa. Hata wakati wa Wajerumani, ngozi, karanga na pamba za Mwanza zilipakiwa melini, zikashushwa Kisumu, zikapandishwa treni na kwenda Mombasa. Njia hii ilikuwa nafuu kuliko kichwa cha mtu, hilo halina ubishi. Lakini nauli ya ziwa na nauli ya reli zote ziliingia katika mfuko wa reli ya Kenya na Uganda, na bei za uchukuzi zilipangwa Nairobi. Mkulima wa Usukuma alikuwa analipia chombo ambacho hakuwa na sauti juu yake, hata kwa kupitia serikali iliyomtawala.

Basi kwa nini watu binafsi hawakuja kujenga reli, kama matajiri wanavyojenga viwanda? Sababu moja ni kwamba reli inakula fedha nyingi kwa miaka mingi kabla haijarudisha senti. Sababu ya pili ilikuwa ya Tanganyika peke yake. Nchi hii haikuwa koloni kamili. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirika la Mataifa, na matajiri wa Ulaya walihofu kwamba siku moja itarudishwa kwa Wajerumani. Nani aweke mali yake katika nyumba ambayo mwenyewe hajulikani? Kwa hiyo ilibaki fedha ya umma, na fedha ya umma katika nchi maskini maana yake ni mkopo.

Mwaka 1924 serikali ya Uingereza ilituma tume ya wabunge watatu kuzunguka Afrika ya Mashariki, wakiongozwa na bwana William Ormsby-Gore. Ripoti yao ya mwaka 1925 ilitaka pauni milioni 10 zikopwe kwa ajili ya reli, bandari na barabara za nchi hizi. Mwaka 1926 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kudhamini mikopo ya Palestina na Afrika ya Mashariki, na humo fungu letu lilikuwa pauni milioni 10 hizo. Neno kudhamini tulielewe sawasawa. Hazina ya London haikutoa zawadi. Ilisimama kama mdhamini tu, ili wenye fedha wakopeshe kwa riba nafuu. Riba na deni vilibaki juu ya nchi iliyokopa, na nchi hiyo ilipata fedha zake kutoka ushuru wa forodha, nauli za reli na kodi ya kichwa na nyumba. Tena wabunge wale hawakuficha kwamba reli na injini zingeagizwa Uingereza, ambako viwanda vilikuwa vimelala na watu wengi hawana kazi. Sehemu kubwa ya fedha hizo, kwa hiyo, ilizunguka Uingereza kwenye viwanda vya chuma, na deni lake likaja kukaa Shinyanga na Kwimba.

Mkopo ulipopatikana, kila mtu alitaka njia ipite mlangoni kwake. Walowezi wa nyanda za juu za kusini, Iringa hadi Tukuyu, walikuwa na sauti kubwa. Mwaka 1925 Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano wa walowezi huko Tukuyu, na matumaini yao yalikuwa nchi ya wazungu iliyoungana kutoka Kenya hadi Rhodesia, ikiwa na reli yake katikati. Njia ya kusini magharibi ilipimwa kweli. Mhandisi Clement Gillman aliandika ripoti yake mwaka 1929. Haikujengwa. Watu wa Mbeya walingoja gari moshi mpaka miaka ya 1970, Wachina walipojenga TAZARA.

Njia ya kutoka Tabora kuja kwetu ilijengwa. Sitaki kusema Cameron peke yake ndiye aliyeamua, maana mipango ya kwenda kaskazini ilikuwapo kabla hajafika, na magavana hawaamui mambo ya mikopo bila London. Lakini yeye aliishika kazi hiyo na kuikamilisha, na ilipatana na imani yake. Cameron aliamini kwamba nchi hii itajengwa hasa na mkulima Mwafrika katika shamba lake mwenyewe, na kwamba serikali ya udhamini isiyomweka mkulima huyo mbele inavunja ahadi iliyotia sahihi. Hakuwafukuza walowezi, na wengine aliwapa ardhi. Hata hivyo reli yake kubwa aliipeleka mahali ambapo hapakuwa na mlowezi wa kuhesabika: nchi ya Wasukuma, yenye watu wengi, ng'ombe wengi, na udongo unaokubali pamba. Kwa mkoloni wa miaka ile huo haukuwa uamuzi wa kawaida. Pale Kenya, jirani yetu, fedha za umma zilikuwa zikijenga matawi ya reli kwenda kwenye mashamba ya wazungu.

Kazi yenyewe haikuwa na milima ya kutisha. Ilikuwa na mbuga. Wale mliotoka Shinyanga na Malampaka mnaujua udongo mweusi wa mbuga: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, masika unavimba na kunata kama ugali. Tuta la reli lililowekwa juu ya udongo huo bila changarawe ya kutosha na makaravati ya kupitisha maji hukalia upande mmoja, na mvua kubwa ikija hulichukua. Hata katika siku zetu za shule, treni iliyochelewa masika tulijua kisa chake kabla mkuu wa stesheni hajafungua kinywa. Njia ilikuwa ya upana wa meta moja, sawa na Reli ya Kati na Reli ya Uganda, ili behewa litoke Mwanza mpaka Dar es Salaam bila kupakuliwa. Ikapita Isaka, Shinyanga, Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare na Fela, na mwaka 1928 injini ikafika kwenye maji ya Ziwa. Safari ya mguu ya majuma matatu ikawa ya siku moja na usiku wake. Sijui kama kuna jambo jingine lolote lililobadilisha maisha ya Mwanza haraka namna ile.

Waliolima tuta na kubeba mataruma walikuwa watu wetu. Mkataba wa udhamini ulikataza kazi za kulazimishwa, isipokuwa kwa kazi za lazima za umma, na hata hapo kwa malipo ya haki. Mwanya huo ulikuwa mpana, na tusijidanganye kwamba kila aliyeshika sururu alikuja kwa hiari. Kodi peke yake ilitosha kumsukuma mtu. Cameron alianzisha Idara ya Kazi mwaka 1926 chini ya Meja Orde Browne, ikaweka makambi ya kupumzikia njiani kwa wanaotafuta kazi na ikaanza kukagua mikataba yao. Kwa macho ya leo ni kidogo. Mwaka 1924 hata hicho kidogo hakikuwapo.

Mwaka huo huo wa 1926 alileta sheria ya utawala wa wenyeji, ambayo ndiyo iliyompa umaarufu katika vitabu. Watemi walipewa mabaraza na hazina zao. Ushuru na kazi za bure ambazo raia aliwafanyia watemi ziliondolewa, na badala yake sehemu ya kodi ikaingia katika hazina ya mtemi, yeye mwenyewe akilipwa mshahara. Kutoka hazina hizo zikalipwa barabara za vijijini, madaraja ya miti na zahanati. Watu hulitenga jambo hili na habari ya reli, lakini mimi naona ni kitu kimoja. Reli bila barabara za kuilisha ni mto usio na vijito. Marobota ya pamba hayaruki kutoka Magu au Ngudu mpaka stesheni. Lazima lori au gari la ng'ombe lipate pa kupita, na barabara hizo ndogo zililipwa kwa fedha ya kodi ya wanavijiji. Sipendi utawala ule wa kupitia watemi, maana uliwagawa watu kwa makabila na ukawafanya watemi wengi kuwa makarani wa Bwana Shauri. Lakini hesabu za hazina zile ziliandikwa kwenye vitabu, na vijana wetu waliosoma kidogo ndio waliokuwa wakizishika.

Kenya haikufurahi. Robota lililokwenda Tabora ni robota ambalo halikwenda Kisumu. Mabishano ya nauli kati ya reli mbili yaliendelea kwa miaka, kila upande ukivuta mzigo wa Ziwa kwake, na kwa mara ya kwanza mfanyabiashara wa Mwanza alikuwa na njia mbili za kulinganisha. Ndiyo maana suala la kuunganisha nchi za Afrika ya Mashariki chini ya mamlaka moja, lililopiganiwa na walowezi wa Kenya na Waziri wa Makoloni Leopold Amery, halikuwa siasa ya Dar es Salaam na London tu. Reli, forodha na posta ndizo zilizotakiwa kuunganishwa kwanza. Tume ya Hilton Young ilizunguka huku mwaka 1928. Cameron aliupinga mpango huo kwa nguvu zake zote, akijua anawaudhi wakubwa wake. Aliona kwamba muungano uliosimamiwa kutoka Nairobi ungemweka Mwafrika wa Tanganyika chini ya walowezi wa Kenya, na reli iliyojengwa kwa deni la Tanganyika ingepangiwa nauli na watu wasiolipa deni hilo.

Mwaka 1931 Kamati ya Bunge la Uingereza iliwaita mashahidi London, na Waafrika watatu wakatoka Tanganyika: Martin Kayamba wa Tanga, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Mtemi Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Wawili kati ya watatu ni watu wa Kanda ya Ziwa, na mmoja ametoka kando ya reli yetu. Walikataa muungano. Cameron alikuwa amekwisha ondoka Tanganyika, lakini Kamati ilipoamua muungano usifanyike, msimamo wake na wao ndio ulioshinda. Kwa kipande hiki cha maisha yake mimi namvulia kofia.

Sasa nigeuze upande wa pili wa sarafu, maana nimeahidi kutomsifu kipofu. Mwaka mmoja baada ya reli kufika Mwanza, masoko ya dunia yakaanguka. Bei ya pamba na katani ikashuka vibaya tangu 1930. Riba ya mikopo haikushuka. Hiyo haijui soko. Nchi iliyokuwa imekopa ikitazamia marobota mengi ikajikuta na mabehewa matupu na hati za madai. London ikamtuma Sir Sydney Armitage-Smith mwaka 1932 kukagua fedha za Tanganyika, naye akaikuta serikali imejifunga mzigo mkubwa wa reli. Makarani wakapunguzwa, mishahara ikakatwa, shule zikanyimwa fedha. Shilingi iliyokuwa ya darasa ikaenda kulipa riba ya chuma.

Tena haikuwa kila njia ya Cameron iliyokuwa na akili. Kuna tawi lililotoka Manyoni kwenda Kinyangiri, upande wa Singida, lililojengwa mwishoni mwa utawala wake na baada yake kidogo, kwa tumaini la mazao na walowezi ambao hawakutokea. Lilikula hasara mwaka hata mwaka, na katika miaka ya 1940 likafungwa. Ukiweka tawi hilo kando ya njia ya Mwanza unapata somo zima la uhandisi wa fedha za umma: vyuma ni vile vile, upana ni ule ule, mkopo umetoka mfuko mmoja, huku kulikuwa na watu wanaolima tayari, kule kulikuwa na ramani na matumaini. Wasukuma hawakungoja gari moshi ndipo wajue kulima. Gari moshi liliwakuta shambani.

Na wao ndio walioliokoa. Bei ilipokuwa mbaya waliendelea kulima, kwa sababu kodi haikungoja bei. Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ya Kanda ya Ziwa ikawa nguzo ya Reli ya Kati, na marobota ya vyama vya ushirika, chini ya Shirikisho la Victoria lililoongozwa na Paul Bomani katika miaka ya 1950, yalijaza mabohari ya Mwanza mpaka nje. Ukiuliza nani alilipa deni la reli, jibu liko kwenye nauli ya kila robota. Kwa hiyo mimi husema reli ya Mwanza ni ya Cameron kwa jina, na kwa stakabadhi ni ya mkulima. Tukipata siku moja kuweka kibao pale stesheni, jina la pili litangulie.

Nisiache habari ya ndege, kwani mimi ni mtu wa Pasiansi na ndege ni majirani zetu. Tarehe 28 Februari 1931, majuma machache baada ya Cameron kuondoka, shirika la Imperial Airways lilianza safari za kila juma kutoka London, na kituo cha mwisho cha safari hiyo kilikuwa Mwanza. Ndiyo, Mwanza, si Nairobi wala Dar es Salaam. Shirika hilo nalo liliishi kwa ruzuku ya serikali, kwa kuwa nauli za abiria wachache na mifuko ya barua hazikutosha. Katika miaka mitatu tu mji huu uliokuwa ukifikiwa kwa mguu ukapata treni na ndege, na vyote viwili viliinuliwa na fedha za umma. Baadaye njia ya ndege ilisogezwa mbele kwenda kusini, na Mwanza ikawa kituo cha kupita tu. Reli ilibaki.

Imebaki mpaka leo, ingawa imechakaa, na kando yake linajengwa tuta jipya. Tarehe 14 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, pale Fela, wilaya ya Misungwi, hatua chache tu kutoka stesheni ya zamani. Upana wake ni milimeta 1,435 badala ya 1,000, na treni zake zitakwenda kwa umeme. Nilikwenda kuitazama na mjukuu wangu. Yeye aliuliza treni itakimbia kasi gani. Mimi nilikuwa nahesabu makaravati kwenye mbuga.

Cameron mwenyewe alihamishiwa Nigeria mwaka 1931, safari hii akiwa Gavana. Kule alikuta mfumo wa utawala alioukulia, na bila kuona haya akaukosoa, akisema kwa barua na hotuba kwamba masultani wa kaskazini walikuwa wameachiwa mamlaka yasiyoulizwa. Wenzake wa zamani hawakumpenda kwa hilo. Alistaafu mwaka 1935, na mwaka 1939 akatoa kitabu cha kumbukumbu za kazi yake ya Tanganyika na sehemu ya Nigeria, ambamo ulimi wake haukuwa umepungua makali. Alifariki tarehe 8 Januari 1948, akiwa na umri wa miaka 75.

Alipokuwa hajamaliza miezi minne kaburini, tarehe 1 Mei 1948, Reli ya Tanganyika iliunganishwa na ile ya Kenya na Uganda, likaundwa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki. Makao makuu yakawekwa Nairobi. Ikachukua miaka 29, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli, ndipo nauli ya robota la Malampaka ikarudi kupangwa Dar es Salaam.